Bunduki Marekani: sheria yenye mantiki ni ipi?

Desemba 2019, kwenye maegesho ya magari mjini Arlington, Texas, kijana mmoja kwa jina Zackey Rahimi alimburuta mama wa mtoto wake hadi kwenye gari na kumsukumia ndani mpaka kichwa chake kikagonga dashibodi. Alipotambua kwamba kuna mtu anawatazama, akageuka kuchukua bunduki iliyokuwa chini ya kiti. Mwanamke akapata upenyo wa kukimbia, na Rahimi akafyatua risasi. Februari 2020 mahakama ilitoa amri ya kumlinda mwanamke huyo, na kwa amri hiyo Rahimi akawa haruhusiwi kumiliki silaha. Hakujali. Kumbukumbu za kesi zinamtaja katika matukio kadhaa ya risasi yaliyofuata, mojawapo likiwa la kufyatua hewani kwenye mgahawa wa baga kwa sababu kadi ya benki ya rafiki yake ilikataa. Polisi walipopekua nyumba yake walikuta bastola, bunduki, risasi, na nakala ya ile amri ya mahakama.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 iko wazi: mtu aliyewekewa amri ya namna hiyo kwa kumtishia mwenza wake akikutwa na silaha, ametenda jinai. Rahimi akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Halafu Februari 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao yake New Orleans ikafuta hukumu hiyo. Haikusema kwamba Rahimi ni raia mwema. Ilisema serikali imeshindwa kuonesha kwamba Wamarekani wa karne ya 18 walikuwa na sheria inayofanana na hii.

Hapo ndipo mtu aliyezoea sheria za Nairobi au Dodoma hujikuna kichwa. Kwetu silaha ni kibali. Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, Tanzania ina ile ya mwaka 2015, na kote wewe ndiye unayekwenda kumweleza ofisa kwa nini unaihitaji bunduki. Marekani mzigo uko upande wa pili. Raia hadaiwi sababu. Serikali ndiyo inayopaswa kueleza kwa nini inamzuia.

Ukiulizwa kama ipo sheria yoyote ya kudhibiti bunduki nchini humo inayoweza kuitwa ya busara, usikimbilie kujibu, kwa sababu umeulizwa mambo matatu kwa mpigo. Je, sheria hiyo inaokoa maisha? Je, Katiba inairuhusu? Na je, atakayeitekeleza ataitumia sawa kwa kila mtu? Wabishi wa pande zote huulizwa moja wakajibu jingine. Jibu langu mwenyewe ni kwamba sheria za namna hiyo zipo, tena si chache, ila mara nyingi si zile zinazopigiwa kelele zaidi.

Tuanze na Katiba, maana ndiyo inayoleta vurugu. Marekebisho ya Pili, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ni sentensi moja tu: kwa kuwa mgambo uliopangwa vyema ni wa lazima kwa usalama wa taifa huru, haki ya watu kumiliki na kubeba silaha haitaingiliwa. Kwa miaka mingi wanasheria walizozana kama haki hiyo ni ya mgambo au ni ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba ni ya mtu binafsi, ikafuta sheria ya jiji la Washington iliyopiga marufuku bastola hata nyumbani. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya McDonald iliyotoka Chicago, ikasema uamuzi huo unayabana majimbo na miji pia.

Wanaodai kwamba Heller iliua kila udhibiti wa silaha hawajaisoma mpaka mwisho. Jaji Antonin Scalia, ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kuwa adui wa bunduki, aliandika humo kwamba haki hii ina mipaka kama haki nyingine. Akataja kwa majina mambo ambayo uamuzi wake hauyatilii shaka: marufuku za muda mrefu dhidi ya waliopatikana na makosa makubwa ya jinai na wenye maradhi ya akili, marufuku ya silaha mashuleni na kwenye majengo ya serikali, na masharti juu ya biashara ya kuuza silaha. Kwa hiyo hata mahakama iliyoitanua haki hii kuliko zote zilizotangulia ilikubali kuna sheria zinazoweza kusimama pamoja nayo.

Baada ya Heller, mahakama za chini zilijijengea utaratibu. Zilipima uzito wa haki inayoguswa, kisha zikapima lengo la serikali na kama sheria inalifikia. Ni upimaji ambao mtu yeyote anauelewa, na sheria nyingi zilipita. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu iliutupa. Katika kesi ya Bruen, kwa kura 6 kwa 3, ilifuta sheria ya New York iliyokuwa na mizizi tangu 1911, ambayo ilimtaka anayeomba kibali cha kubeba bastola hadharani athibitishe kwamba ana sababu maalumu kuliko raia wa kawaida. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba kupima faida na hasara si kazi ya majaji. Serikali ikitaka kuitetea sheria, ioneshe kwamba inaendana na desturi ya kihistoria ya nchi ya kudhibiti silaha.

Maana yake ni kubwa. Tangu siku hiyo, swali la kama sheria ni ya busara si swali la mahakama tena. Unaweza kwenda mbele ya jaji na mizigo ya tafiti kwamba sheria fulani imepunguza mauaji, naye akakuuliza: mwaka 1791 walikuwa na kitu kama hiki? Ndivyo ilivyotokea kwa Rahimi. Enzi hizo mume kumpiga mkewe kulionekana jambo la ndani ya nyumba, na wanawake, karibu kote, hawakuwa na kura ya kutunga sheria yoyote. Usitegemee kukuta kwenye nyaraka za zama hizo sheria ya kumnyang'anya bunduki mtu anayempiga mwenza wake.

Mahakama ya Juu yenyewe iliona shimo ilimoelekea. Juni 2024 ilimrudishia Rahimi hatia yake kwa kura 8 kwa 1; aliyepinga ni Thomas mwenyewe, mwandishi wa Bruen. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba serikali haitakiwi kuleta sheria ya kale inayofanana na ya leo kama pacha; inatosha kanuni iliyo nyuma yake iwe ileile. Na kanuni ipo: zamani kulikuwa na sheria za kumtaka mtu mtishaji aweke dhamana ya kutunza amani, na nyingine za kuwaadhibu waliotembea na silaha kuwatisha watu. Mtu aliyeonekana na mahakama kuwa ni tishio kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda.

Binafsi naona uamuzi huo ni sahihi na sababu zake ni nyembamba. Historia ni sanduku ambalo kila mmoja huchomoa anachokitaka. Mwaka 1783, kwa mfano, Boston ilikatazwa kwa sheria kuingiza bunduki yenye risasi ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba ikiwaka moto baruti ilihatarisha waliokuja kuuzima. Je, huo ni ushahidi kwamba serikali inaweza kuamuru silaha zifungiwe kabatini leo, au ni kanuni ya zimamoto tu? Katika Heller majaji waliisoma sheria hiyohiyo wakaishia pande mbili.

Tuiache mahakama kidogo, twende kwenye swali ambalo ndugu wa marehemu wangeuliza: ni nini kinachopunguza vifo? Hapa kuna jambo ambalo picha za televisheni hulificha. Mwaka 2023 watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa risasi Marekani. Takriban asilimia 58 kati yao walijiua wenyewe. Mauaji yalikuwa karibu vifo 18,000. Yale mashambulizi ya shuleni na madukani yanayotangazwa dunia nzima ni sehemu ndogo sana ya jumla hiyo, ingawa ndiyo yanayoandika ajenda.

Ukilijua hilo, sheria unayoitafuta inabadilika sura. Wengi wanaojaribu kujiua hufanya hivyo katika dakika za giza ambazo hupita, na wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Anayemeza vidonge mara nyingi huwahiwa hospitali. Anayetumia bunduki hafiki. Karibu tisa kati ya kumi hufa. Kwa hiyo kufuli kwenye kabati la bunduki, hasa nyumba yenye kijana wa miaka 15, si jambo dogo. Taasisi ya utafiti ya RAND, ambayo kwa miaka imepitia tafiti nyingi za sera za silaha na kuzichuja kwa ukali, inaziweka sheria za kumwajibisha mzazi anayeacha bunduki mahali mtoto anaweza kuifikia miongoni mwa zile chache zenye ushahidi mzito kwamba zinapunguza vifo vya vijana, kwa kujiua na kwa ajali. Ushahidi mzito mwingine unaelekea upande wa pili: sheria zinazomruhusu mtu kuua kwa kujihami hadharani hata kama angeweza kuondoka salama zinahusishwa na kuongezeka kwa mauaji. Hakuna mwanasiasa anayejaza uwanja kwa kuhutubia kufuli, lakini mimi ningeanzia hapo.

Linalofuata ni ukaguzi wa rekodi. Anayenunua bunduki kwa mfanyabiashara mwenye leseni hujaza Fomu 4473, kisha muuzaji huwasiliana na mfumo unaoendeshwa na FBI tangu 1998. Fomu yenyewe inafundisha mengi. Inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi au unamnunulia mtu mwingine. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, au kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani. Inauliza kuhusu bangi, na kukuonya kwamba hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu. Inauliza uraia na hali ya uhamiaji, na hapa ndugu zetu wa Minneapolis na Dallas wakae macho: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, haruhusiwi hata kuishika kama mali yake, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama ile ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai.

Kura za maoni za miaka mingi zinaonesha Wamarekani wengi mno wanauunga mkono ukaguzi huu, na wamo wamiliki wengi wa bunduki. Tatizo ni matundu yake. Sheria ya shirikisho haimlazimishi muuzaji asiye mfanyabiashara kumkagua mtu anayemuuzia, ingawa majimbo kadhaa yameliziba tundu hilo. Pia, zikipita siku tatu za kazi bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kutoa silaha. Hivyo ndivyo kijana aliyewaua waumini tisa katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, mwaka 2015, alivyoipata bastola yake. FBI yenyewe ilikiri kwamba rekodi yake ilipaswa kumzuia. Mwaka 2017 huko Sutherland Springs, Texas, kanisa jingine lilishambuliwa na mtu ambaye jeshi la anga lilishamhukumu kwa kumpiga mkewe na mtoto, lakini halikupeleka taarifa kwenye mfumo. Sheria ilikuwepo. Karatasi haikufika.

Na sasa ile inayopigiwa kelele kuliko zote: marufuku ya bunduki zinazoitwa za kivita. Bunge liliipitisha mwaka 1994 na ikaisha muda wake 2004. Tazama ilivyoandikwa. Zaidi ya kutaja aina kadhaa kwa majina, iliharamisha bunduki inayojikoki yenyewe na yenye magazini ya kuchomoa ikiwa ina sifa mbili au zaidi kati ya orodha hii: kitako cha kukunja, mshiko kama wa bastola, sehemu ya kufunga singe, kizima mwako mdomoni mwa mtutu, kifaa cha kurushia guruneti. Viwanda vikaondoa sehemu ya singe na kizima mwako, vikaendelea kuuza bunduki ileile yenye risasi zilezile na kasi ileile. Zilizokuwa mikononi mwa watu tayari ziliachwa. Kwa Kiswahili cha mtaani, hiyo ni danganya toto. Takwimu za FBI za mwaka 2019 zilitaja mauaji 364 ya bunduki ndefu za kundi hilo, za kivita na za kuwindia kwa pamoja, dhidi ya zaidi ya 6,300 ya bastola, huku silaha za vifo vingine zaidi ya 3,200 zikiwa hazikubainishwa aina. Kipengele kilichokuwa na mantiki zaidi katika sheria hiyo ni kile ambacho wengi hawakikumbuki, cha kukataza magazini za risasi zaidi ya 10. Muuaji anapolazimika kubadilisha magazini, watu hupata sekunde za kukimbia au kumrukia.

Mtu akisimama hapo atadhani kazi iliyobaki ni kuwaelimisha wenye bunduki tu. Lakini hofu yao si ya kijinga yote, na ushahidi mzuri zaidi wa hofu hiyo hautoki kwa wakulima wazungu wa Montana. Unatoka kwa Wamarekani weusi. Mwaka 1956, nyumba yake ilipolipuliwa kwa bomu huko Montgomery, Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba silaha. Alikataliwa. Sheria ilimpa ofisa wa eneo uhuru wa kuamua nani anastahili, na kila mtu Alabama alijua uhuru huo unatumikaje. Mwaka 1967 California ilipitisha sheria ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani, baada ya wanaharakati wa Black Panther kuanza kuwafuata polisi mitaani Oakland wakiwa na silaha halali mikononi. Gavana aliyeitia saini alikuwa Ronald Reagan, ambaye baadaye angekuwa kipenzi cha wapenda bunduki.

Na kesi ya Bruen ina kituko chake. Miongoni mwa waliopeleka maoni mahakamani kuiunga mkono hoja ya wenye bunduki walikuwemo mawakili wa kutetea maskini wa jiji la New York, watu wa mrengo wa kushoto kabisa. Walisema karibu wateja wao wote walioshtakiwa kwa kubeba silaha bila kibali ni weusi na Walatino, maana kibali chenyewe walikuwa hawakipati. Sheria iliyotetewa kama ngao ya jamii ilikuwa imegeuka mlango wa gereza kwa vijana wa Bronx. Nikisoma hoja yao siwezi kuipuuza, ingawa matokeo ya kesi siyafurahii.

Kutoaminiana huko ndiko kunakoeleza kile kituo cha serikali kilichoko Martinsburg, West Virginia. Polisi wakiokota bunduki kwenye tukio la mauaji, huko ndiko wanakouliza iliuzwa wapi na kwa nani. Kinapokea mamilioni ya rekodi za maduka ya silaha yaliyofungwa, na kinazihifadhi kama picha za kurasa. Sheria za nchi haziruhusu rejista ya shirikisho ya wamiliki wa bunduki, kwa hiyo wafanyakazi hawawezi kuandika jina la mtu na kupata jibu. Wanafunua kurasa kwa macho. Mgeni ataona upumbavu. Mwenye bunduki ataona dhamana kwamba hakuna siku ofisa atachapa orodha na kupita nyumba kwa nyumba. Bunge limechagua kwa makusudi uchelewaji huo, na gharama yake inalipwa na wapelelezi wa mauaji.

Ipo sheria inayopita maswali yote matatu? Iliyo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni leseni ya kununua bastola inayotolewa kwa vigezo vilivyoandikwa, bila ofisa kupewa nafasi ya kukupenda au kukuchukia. Connecticut iliweka sharti la kibali mwaka 1995, na watafiti wa Johns Hopkins wameihusisha sheria hiyo na kupungua kwa mauaji ya risasi. Missouri iliondoa sharti lake mwaka 2007, na wakahusisha hatua hiyo na kuongezeka. Bruen yenyewe, katika tanbihi, ilisema haikusudii kufuta vibali vya kubeba silaha vinavyotolewa kwa vigezo vya namna hii, mradi visigeuzwe kuwa njia ya kuwanyima watu haki kwa kuwacheleweshea au kuwatoza ada kubwa. Na Juni 25, 2022, siku mbili tu baada ya Bruen, Rais Biden alitia saini sheria ya kwanza kubwa ya silaha katika takriban miaka 30, ambayo pamoja na mengine iliongeza ukaguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Ilipata kura za vyama vyote viwili, jambo ambalo wengi walishaapa haliwezekani.

Maryland imekuwa na leseni ya aina hiyo kwa bastola tangu sheria yake ya 2013, iliyotungwa baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook. Anayeitaka achukue alama za vidole, ahudhurie mafunzo ya saa nne na kufyatua walau risasi moja, alipe dola 50 za maombi, kisha polisi wa jimbo wamjibu ndani ya siku 30. Jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya shirikisho liliifuta mwaka 2023. Agosti 2024 mahakama hiyohiyo ya rufaa, ikiketi kwa ukamilifu wake, ikairudisha, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Walioipinga waliuliza swali ambalo bado halijajibiwa vizuri: mwanamke wa Baltimore aliyetishiwa na mtu kama Rahimi, anayelipwa kwa saa na asiyeweza kukosa kazi ili akahudhurie mafunzo, afanye nini katika hizo siku 30? Jimbo lingeweza kufuta ada hiyo na kumpa mtu wa namna hiyo njia ya haraka bila kupunguza alama hata moja ya vidole.